Mstari wa Masale wa Ireku

Usiku ule nililala viatu vikiwa vimekwisha kupigwa rangi. Nilivipanga karibu na mlango, pua zikitazama nje, na juu ya kiti nikatandaza suruali yangu ya kijivu na koti ambalo mke wangu, Mama Neema, huliita koti la misiba na mikutano. Asubuhi yake nilitakiwa kufika mbele ya tume iliyokuja kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu mipaka ya majimbo yetu mawili, Usendo Mashariki na Usendo Magharibi. Barua yao ilinitaja kuwa ni "karani mstaafu aliyeandika maelezo ya mpaka uliopo." Niliisoma barua hiyo mara nne, na mara tatu kati ya hizo nilisoma sentensi hiyo peke yake.

Mchana nilikuwa nimetembelewa na Ndeshi, mwenyekiti wa kitongoji cha Ireku. Ni binti wa marehemu Mzee Kijanga, aliyekuwa tarishi wa ofisi yetu ya tarafa pale Kisanga, mtu niliyefanya naye kazi mpaka nywele zetu sote wawili zikabadilika rangi. Ndeshi aliniamkia, akaweka kikapu cha ndizi chini, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Baba, kesho watakuuliza mpaka unapita wapi."

"Wataniuliza, na nitawajibu. Mpaka umeandikwa."

"Umeandikwa, ndiyo. Lakini aliyeuandika ni wewe."

"Karatasi ni karatasi, mwanangu. Imekaa serikalini miaka yote hii. Leo nije niiguse niseme nini?"

Alitazama mikono yake kidogo. "Sisi watu wa Ireku hatutaki jimbo jipya wala jina jipya," alisema. "Tunataka daraja."

Nikamwambia nitatazama. Nilimsindikiza hadi kwenye njia kubwa, nikamshukuru kwa ndizi, nikamtuma salamu kwa mama yake. Sikumwambia ndiyo wala hapana, na mtu mzima wa kwetu akifanya hivyo ujue amesema hapana kwa adabu. Ndeshi alilijua hilo. Alinishukuru vilevile, akashika njia ya kwao.

Basi nikalala. Nakumbuka nilimsikia Mama Neema akifunga dirisha, nikamsikia akilalamikia bawaba, kisha sikumsikia tena.

Nikawa nimekaa kwenye baraza ya ofisi ya tarafa. Ofisi ile ilibomolewa zamani, pakajengwa ghala la mahindi, lakini nilikuta imesimama na dari lake lenye madoa ya maji, na meza yangu ipo, na muhuri upo juu ya kitambaa chake cha wino. Ni asubuhi. Mvua inanyesha, ile mvua ya kwetu isiyo na haraka. Nimevaa viatu vya kahawia, vipya, nami nimeviweka mbali na matone.

Mzee Kijanga akapanda ngazi. Begani ana mfuko wake wa turubai wa kubebea barua, kabuti la serikali limefungwa vifungo vyote, na miguuni hana kitu. Mvua haikuwa imemlowanisha. Nilijua kuwa amekufa. Nilikuwepo siku tulipomzika, na nilitoa hotuba. Lakini pale barazani jambo hilo halikunishtua. Nililichukulia kama habari ya mtu aliyehamishwa kituo cha kazi, sasa amepita kusalimia wenzake.

"Bwana Karani," alisema, "una barua yako."

Alikuwa akiniita hivyo maisha yake yote. Alinizidi umri kiasi cha kunizaa, na ilikuwa wajibu wangu kumwamkia shikamoo kila asubuhi. Nilimwamkia, ndiyo, lakini yeye akinijibu marahaba alikuwa amesimama na mimi nimekaa. Nilizoea.

Nikaifungua barua. Ilikuwa karatasi moja, maandishi ni yangu, herufi zimelalia upande wa kulia kama nilivyofundishwa, na kichwa cha habari kimepigwa mstari kwa wino mwekundu. *Mpaka unaanzia penye daraja la Mto Ngerai, unafuata mstari wa masale uliopo ng'ambo ya mto, hadi kufikia msitu.* Chini yake pana maneno yaliyochapwa na serikali, *Mpaka huu nimeutembea mimi mwenyewe*, na chini ya maneno hayo pana sahihi yangu.

Hapa lazima nieleze kidogo, maana asiye wa kwetu hataelewa kwa nini mtu aogope karatasi yake mwenyewe.

Usendo lilikuwa jimbo moja. Lilianzia tambarare ya chini kwenye mkonge, likapanda hadi misitu ya juu, na mbunge wake wa kwanza alionekana Kisanga mara mbili, siku ya kuomba kura na siku ya kushukuru. Siku hizo wagombea walikuwa wawili, mmoja amepewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba, na watu walibishana juu ya jembe na nyumba hadi majina ya wagombea wenyewe yakasahaulika. Baadaye ikaonekana jimbo ni kubwa mno, likagawanywa. Mashariki likabaki na Kisanga, penye soko, shule na zahanati. Magharibi likapewa makao Chengoni, nyuma ya mlima, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Kazi ya kueleza mpaka kwa maneno ilitolewa juu, ikashuka ngazi kwa ngazi, hadi ikafika mezani kwangu, kwa sababu chini yangu hapakuwa na meza nyingine.

Kwetu mpaka hautazamwi, unatembewa. Tena unatembewa miguu mitupu. Husimuliwa kwamba mjanja mmoja wa zamani alitia udongo wa shamba lake ndani ya viatu, akaenda kusimama katika shamba la jirani, akaapa mbele ya wazee kuwa anakanyaga udongo wake. Tangu hapo anayetembea mpaka huvua viatu, awe mkulima au awe mkubwa wa serikali. Hata mabwana shamba waliotoka mbali walikuwa wakivua, huku wananuna.

Siku yangu ya kuutembea mpaka ilinyesha mvua, na mimi nilikuwa na viatu vipya. Hiyo ndiyo sababu yote. Sina nyingine niliyoificha. Nilisimama barazani, nikatazama ng'ambo ya mto, na kule Ireku nikaona mstari wa masale umenyooka, mmea baada ya mmea, mrefu kuliko mstari wowote wa masale niliowahi kuuona. Mashamba yetu yote mipaka yake ni masale, ile mimea ya majani marefu. Mtu wa kwetu akiona masale yamepangwa mstari haulizi ni nini. Mimi pia sikuuliza. Niliketi, nikaandika.

Mzee Kijanga alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake. Ni mzaliwa wa Ireku. "Bwana Karani," aliniambia siku ile ya kweli, "masale yale si mpaka. Mpaka uko mgongoni mwa kilima, juu ya nyumba zetu, penye mawe matatu. Twende tukautembee, mvua hii si ya kuua mtu."

Nami nikamjibu, "Mimi naandika, Mzee Kijanga. Wewe unabeba."

Alibeba. Aliitia karatasi ile mfukoni, akafunga kamba, akaenda nayo hadi makao makuu ya wilaya, siku mbili kwenda na kurudi. Karatasi ile iliitoa Ireku, kwao, upande wa Kisanga walikozoea kusoma, kuuza na kutibiwa, ikaitupa Magharibi. Aliporudi alinipa kipande cha karatasi cha kuonyesha imepokelewa, na hakulitaja jambo hilo tena.

Yote haya nilikuwa nikiyakumbuka huku nimeishika barua barazani. Nikainua kichwa nimwambie Mzee Kijanga kwamba barua hii ni ya zamani, imekosea njia, airudishe. Baraza haikuwepo.

Nimekaa darasani, kwenye dawati la watoto, magoti yamegusa ubao. Ni siku ya kura. Mbele yangu kuna masanduku mawili, moja limebandikwa picha ya jembe, jingine nyumba. Nimeshika daftari la wapiga kura. Foleni imeanzia mlangoni na sioni mwisho wake. Natazama nyuso, na wote nawafahamu, na wote wamekufa. Ni watu wa Ireku. Wamevaa nguo zao za kanisani. Hakuna anayesukuma, hakuna anayelalamikia jua.

Wa kwanza ni Bibi Nanjela, mjane aliyekuwa na nyumba karibu kabisa na mto. Ameshika jani moja la isale.

"Jina," namwambia, ingawa nalijua.

"Nanjela."

Napitisha kidole kwenye ukurasa. Hayumo. Nafunua mwingine. Hayumo. Nafunua hadi jalada la mwisho, na foleni inangoja bila kukohoa.

"Humu hamumo, bibi," namwambia. "Ninyi ni wa Magharibi. Kituo chenu kiko Chengoni."

"Nani alituhamisha?"

"Mpaka. Unafuata masale yako."

Analiweka lile jani juu ya daftari. "Masale yale niliyapanda kuomba radhi," anasema.

Ni kweli, na mimi nilichelewa kuijua habari hiyo. Niliisikia msibani kwake, karatasi yangu ikiwa imekwisha kuwa sheria. Bibi Nanjela alimkosea shemeji yake, Mzee Saigo. Siku ya matanga ya mumewe alitamka neno kuhusu mtu aliyefika kula bila kushika jembe la kuchimba kaburi, na Saigo, aliyekuwa mgonjwa siku ile, akalichukua. Hawakuamkiana miaka mingi. Kwetu ukitaka radhi unampelekea mwenzio jani la isale, naye akilipokea yamekwisha. Bibi Nanjela alipeleka jani, likarudishwa. Alipeleka la pili, likarudishwa. Basi akachukua jembe, akapanda isale mbele ya mlango wake. Juma lililofuata akapanda jingine hatua tatu mbele. Akaendelea hivyo kandokando ya njia ya mto, mvua na kiangazi, akielekea mlangoni kwa shemeji yake. Alipofikia hatua ya mwisho, Saigo alitoka, akamnyang'anya jembe, akafukia shina lile yeye mwenyewe. Watoto wa nyumba zile mbili wamekua wakipita kati ya masale hayo. Na mimi, nikiwa ng'ambo na viatu vyangu, niliyatazama nikayafanya ukuta.

Pale darasani simwelezi Bibi Nanjela lolote kati ya haya. Namwambia, "Samahani, bibi, daftari ndilo linalosema."

"Haya," anasema.

Hana hasira. Anatoka. Wa pili anafika, simwoni jina, anatoka. Wa tatu hajafika mezani anageuka mwenyewe, amekwisha kusikia. Kupitia dirishani nawaona wakiteremka mmoja mmoja kwenye korongo la mto, na ng'ambo simwoni hata mmoja akitokea. Jani la isale limebaki juu ya daftari, na nikitaka kufunga daftari halifungiki.

Sijui tulivukaje mto. Niko njiani Ireku, Mzee Kijanga yuko mbele, hatua kumi hivi, mfuko unampiga kiunoni. Mvua imekatika. Kando yangu mstari wa masale, majani yake marefu yananigusa mkono. Viatu vyangu vinalia kwa kila hatua, na kule mbele yeye hatoi sauti.

Natembea nikiwa na karatasi mkononi, nailinganisha na ardhi. *Unafuata mstari wa masale hadi kufikia msitu.* Nafuata. Napita migomba ya Bibi Nanjela, napita zizi, napita mahali watoto wanapotekea maji, na kabla sijachoka masale yanakwisha. Yameishia mlangoni kwa Saigo. Mlango uko wazi, ndani kuna kigoda na chungu. Hakuna msitu. Msitu uko mbali kule juu, na kati ya mlango huu na msitu hakuna isale hata moja.

"Mstari umeishia nyumbani kwa mtu," namwambia Mzee Kijanga.

Mpaka wa jimbo hauishii mlangoni kwa mtu, na hilo angeligundua hata mtoto, mradi afike hapo. Kutoka barazani nilikuwa nimeuona mwanzo wa mstari. Sehemu iliyobaki niliiendeleza kwa rula.

Mzee Kijanga ameshika njia ya kupanda kilima. Namfuata. Kule juu, mgongoni, nayaona mawe matatu, meusi, makubwa kiasi cha kukaliwa, na sijawahi kuyaona kwa karibu katika uhai wangu, ingawa niko mwendo mfupi nayo tangu kuzaliwa. Anasimama. Ananitazama miguu.

"Viatu," anasema.

Nainama kuvua. Kamba zina fundo. Nafungua fundo, chini yake pana jingine. Nafungua, pana jingine. Vidole vyangu vimekuwa vya kizee, havishiki. Najaribu kuvivua bila kufungua, haviachii mguu. Yeye anangoja. Hanisaidii wala hanihimizi. Nakumbuka nikiwaza, huku nimepiga magoti, kwamba nikimwomba asubiri hapo hapo nitapata muda wa kuandika kwamba nimefika.

Ndipo nikawasikia wabeba machela.

Wanapanda kutoka mtoni, wanaume wanne, wamelowa hadi kifuani, na mtu aliyelala juu ya machela amefunikwa blanketi la kijivu. Daraja la Ngerai lilikuwa la magogo. Magogo yalipokwisha kuoza, watu wa Ireku walimwendea mbunge wa Mashariki, akawaambia daraja linawafaa watu wa Ireku, na Ireku ni ya Magharibi. Wakaenda Chengoni kwa mbunge wa Magharibi, akawaambia daraja linaelekea Kisanga, na Kisanga ni ya Mashariki. Wote wawili walikuwa na nakala ya karatasi yangu, na wote wawili walisema kweli kwa mujibu wa karatasi ile. Waliofuata baada yao walijibu yaleyale. Kiangazi watu huvuka kwa kurukia mawe. Masika, mto ukijaa, mgonjwa wa Ireku anayeiona zahanati kwa macho yake ng'ambo hubebwa kupandishwa kilima, akazungushwa nyuma, akateremshwa hadi daraja la chini, ndipo arudishwe Kisanga. Mzee Kijanga aliugua masika. Walimbeba hivyo, na alikata roho kabla hawajaliona daraja la chini.

Kwa hiyo ninapoona mguu umetokeza chini ya blanketi, mguu mpana, wa kijivu kwenye kisigino, nautambua. Nageuka kumtazama aliyesimama karibu nami. Naye anautazama mguu ule kwa namna mtu anavyotazama mzigo ambao amewahi kuubeba.

Wabeba machela wanasimama mbele yangu. Mmoja wao anapumua kwa shida. "Bwana Karani," ananiuliza, "tupite wapi?"

Nikaitazama karatasi. Nimezoea kuulizwa nikatazama karatasi. Naisoma kutoka juu hadi chini, naigeuza, nyuma ni nyeupe. Wanangoja kwa heshima, mzigo uko mabegani, na mimi nasimama katikati ya njia, kiatu kimoja kimefunguliwa nusu. Niliona aibu. Nilikuwa nimeiona aibu hiyo hapo kabla, siku ya mazishi, niliposimama mbele ya watu wa Ireku na koti langu nikamsifu marehemu kwamba katika utumishi wake wote hakupoteza barua hata moja. Watu waliitikia, Ndeshi akanishukuru kwa maneno mazuri. Siku ile niliimeza nikaenda kula. Safari hii haikumezeka.

Wakanizunguka, wakapita, wakaendelea kupanda. Nilipoinua macho Mzee Kijanga alikuwa amekwisha kufika juu. Amekaa kwenye jiwe la kati, mfuko uko magotini. Anafungua kamba yake taratibu, kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi kabla ya kunipa barua zangu, kisha anaupindua mfuko, anaukung'uta. Haukutoka hata mchanga.

"Karatasi yako niliifikisha, Bwana Karani," ananiambia, na sauti yake naisikia karibu ingawa yuko mbali. "Wewe ndiye hujafika."

Nikaamka.

Chumba kilikuwa kimeanza kupata weupe dirishani. Mikono yangu ilikuwa chini ya shuka, inapapasa vidole vya miguu. Mama Neema alikuwa ameketi kitandani, amejifunga khanga, ananitazama.

"Umeweweseka," alisema. "Ulikuwa unavuta miguu kama mtu aliyefungwa."

"Nimejiwa na Mzee Kijanga."

"Tarishi? Maskini. Anasemaje?"

Nikamwambia alichosema. Hakuelewa, na angeelewaje, wakati kwa miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumweleza. Basi nikamweleza. Nilianza na mvua, nikaja kwenye viatu vipya, nikaja kwenye baraza na masale na rula, nikamalizia na sahihi. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nimeibeba habari ile kwa ukubwa wa jimbo zima, kumbe inasimulika kabla chai haijachemka.

Mama Neema akauliza jambo moja tu. "Kwa hiyo hukuutembea?"

"Sikuutembea."

"Na leo ungekwenda kuwaambia uliutembea."

"Ningekwenda kuwaambia umeandikwa."

Akateremka kitandani, akaanza kutafuta kiberiti. Nilimfahamu, akikasirika huwasha moto. "Watu wamekuja toka mbali kukusikiliza," alisema akiwa amenipa mgongo. "Watakucheka, ujue. Watasema karani mzima. Hata mimi watanicheka sokoni."

"Najua."

"Tume inakaa saa ngapi?"

"Saa nne."

Alihesabu kimoyomoyo, nikamwona midomo. Kutoka kwetu hadi mtoni, kuvuka kwa mawe maana ni kiangazi, kupanda Ireku, kuufuata mgongo kutoka kwenye mawe matatu hadi msituni, kisha kurudi Kisanga. "Kwa miguu yako hiyo hutaiwahi saa nne," alisema.

"Nitachelewa. Nikipita Ireku nitamtuma Ndeshi awaambie waningoje. Nikifika nitawaeleza mpaka uko wapi, na nitawaeleza nimeujuaje leo."

"Na ile sahihi?"

"Hiyo ndiyo nitakayoanza nayo."

Alichoma ndizi mbili kutoka kwenye kikapu cha Ndeshi, akazifunga kwenye kitambaa, akanipa. Nikavaa suruali ya kijivu, nikaikunja hadi magotini, nikavaa koti. Nje umande ulikuwa bado. Viatu vilikuwa palepale mlangoni, pua zikitazama nje, vinang'aa. Nikavipita.